Umeme wa Chumba Kipya Huanzia Kwenye Mita

Nyumba ya Kiswahili haimaliziki kujengwa. Ile ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, ndiyo iliyoijaza Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam, na karibu kila moja iliyobaki imeshaongezwa kitu: vyumba viwili vya wapangaji uani, jiko la matofali palipokuwa na banda, fremu ya duka iliyotobolewa kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Penye uwezo zaidi, nyumba nzima huvunjwa na ghorofa likapanda. Katika mitaa kama Sikukuu, Nyamwezi au Livingstone, kila hatua ya ardhi ina mteja wake, na hakuna mwenye nyumba anayekubali kipande kikae bure.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Mwashi huitwa kwanza, akafuata fundi wa kupaua, kisha wa plasta. Fundi umeme huitwa mwisho, fedha zikiwa zimebaki za kuhesabu na mpangaji ameshalipa kodi ya miezi sita. Anachofanya kinajulikana. Anavuta waya kutoka kwenye soketi ya jirani, anaupitisha juu ya dari, anafunga taa moja na soketi mbili, anajaribu swichi mbele ya mwenye nyumba na kuondoka. Taa inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini waya ule wa soketi ulikadiriwa kwa pasi na televisheni ya chumba kimoja, na kuanzia usiku huo unabeba vyumba vitatu.

Ndiyo maana mipango ya umeme wa nyongeza yoyote inapaswa kuanza kabla ya tofali la kwanza, na kuanzia mbali na chumba kipya: kwenye mita, mein swichi na waya mkubwa unaoingia ndani. Huko ndiko inakojulikana kama nyumba ina nguvu ya kubeba chumba kingine au haina.

Nyumba ya zamani ikaguliwe kwanza

Kazi ya kwanza ya kumlipa fundi ni ukaguzi, na inafaa ilipwe peke yake, mbali na bei ya kutandaza nyaya. Fundi aliyelipwa kwa ukaguzi wenyewe hana sababu ya kuficha ubovu, wala ya kuukuza.

Katika ukumbi wa nyumba nyingi za zamani bado kuna ubao mweusi wenye mein swichi ya chuma na fyuzi za kaure. Kifuniko kikifunguliwa, umeme ukiwa umezimwa, mara nyingi fyuzi ya kiwandani haipo tena. Ilikatika kwa shoti, mtu akasokota uzi wa shaba uliochukuliwa kwenye kipande cha waya, unene wowote uliopatikana, akarudisha. Fyuzi hiyo haikatiki tena. Kinachokatika, au kuungua, ni waya ulio ukutani. Karibu na skrubu plastiki imegeuka rangi ya kahawia, na gamba la waya likiguswa linavunjika vipande. Hapo ukaguzi umeshatoa jibu lake: sehemu hiyo haiongezewi kitu mpaka ibadilishwe.

Zipo dalili ambazo hata asiye fundi anaziona. Taa zinafifia pampu ya maji inapowaka. Soketi ya jikoni inakuwa ya moto birika likichemka. Kuna harufu ya plastiki isiyojulikana inakotoka. Mtu akigusa bomba la maji au mlango wa friji anahisi kama ametekenywa mkononi, dalili ya kwamba umeme unavuja na ethi haifanyi kazi. Rangi nazo huchanganya: nyumba ya zamani ina waya mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro, wakati nyaya mpya zinafuata utaratibu wa kahawia kwa moto, samawati kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Mahali rangi hizo mbili zinapokutana, fundi aweke alama ili atakayefungua boksi miaka kumi baadaye asikosee.

Mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi ya ukaguzi: uwezo wa mita kwa ampea, ambao umeandikwa usoni mwake, unene wa waya unaotoka kwenye mita kwenda kwenye mein swichi, na hali ya ethi, yaani kama fimbo ya ardhini bado ipo, imefungwa vizuri, na inapitisha umeme inapopimwa. Mji wa pwani una unyevu na hewa ya chumvi, na kiungo cha ethi kilichoachwa wazi uani huliwa na kutu bila mtu kujua.

Hesabu ifanywe kwa wati

Ichukuliwe nyumba ya mfano ya vyumba sita, yenye mita ya njia moja ya ampea 60. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, na ampea 60 mara volti 230 ni wati 13,800. Hicho ndicho kikomo, vyovyote vile.

Saa moja usiku kila chumba kina taa, feni, televisheni na chaja, jumla kama wati 200. Vyumba sita ni wati 1,200. Friji tatu ni wati 450. Mmoja anapiga pasi, wati 1,200, na mwingine amewasha birika, wati 2,000. Jumla ni wati 4,850, sawa na ampea 21. Nyumba inapumua bila shida.

Sasa ije nyongeza. Chumba kimoja cha uani kinawekwa kiyoyozi cha BTU 12,000, kama wati 1,100. Bafu jipya linafungwa hita ya kuogea ya papo kwa papo, wati 5,000. Mpangaji anapika kwa jiko la presha la umeme, wati 1,000. Fremu ya mbele inauza maji baridi na soda: friza mbili, wati 600, na taa wati 100. Kisima kina pampu inayovuta kama wati 1,000. Hizo ni wati 8,800, karibu ampea 38. Zikijumlishwa na za mwanzo ni zaidi kidogo ya ampea 59. Kikomo ni 60.

Ni kweli kwamba vitu vyote haviwaki kwa dakika moja, na fundi mzuri hupunguza hesabu kwa sababu hiyo. Lakini pampu na friza huvuta umeme mara kadhaa zaidi pale zinapoanza, na jioni umeme ukiwa mdogo, mota huvuta ampea zaidi kufidia. Baya zaidi ni waya mkubwa. Ukiwa ni wa milimita za mraba 6, kama ulivyo katika nyumba nyingi zilizofungwa kwa ajili ya taa na redio, ndani ya paipu unabeba takriban ampea 41 tu. Breka ya 60 haitaona tatizo waya huo ukipitisha ampea 55. Breka imenyamaza, na waya unachemka.

Joto lenyewe hupunguza uwezo wa waya. Waya wa 2.5, ambao mafundi huutumia kwa soketi, ndani ya paipu unabeba kama ampea 24 mazingira yakiwa nyuzi 30. Chini ya bati la Dar es Salaam mwezi wa Februari, mahali ambapo joto linaweza kukaribia nyuzi 50, uwezo wake hushuka hadi kama ampea 17. Waya uliolazwa juu ya dari, chini ya bati tupu, usihesabiwe kama waya uliozikwa ukutani.

Umbali nao una gharama. Uani uko nyuma, mita iko mbele. Hita ya bafuni inayovuta ampea 20 kupitia waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 25 hupoteza volti 9 njiani, maana yake wati 180 zinaishia kupasha waya joto badala ya maji. Kwa waya wa 6, upotevu huo unashuka hadi wati 73. Kwa hiyo hita na kiyoyozi kila kimoja kiwe na waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi, na vyumba vya uani vipewe boksi lao dogo la breka, likilishwa na waya mnene mmoja kutoka mbele. Utaratibu wa kawaida wa mafundi ni 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 kwa hita na jiko, na 10 au 16 kwa waya mkubwa. Hesabu ndiyo inayochagua kati ya hizo.

Jiko lipewe nafasi kubwa kuliko linavyopewa sasa. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mpangaji wa leo anapika kwa mkaa uani. Wa kesho atakuja na jiko la presha na birika. Jiko jipya lenye soketi moja litaleta eksitensheni sakafuni, karibu na maji, kabla rangi haijakauka.

Mita moja au mbili

Swali la pili ni la fedha, na Kariakoo huzua ugomvi kila mwezi: nani anunue LUKU, yaani umeme wa malipo ya kabla, na nani ametumia zaidi.

Bei ya shirika la umeme, TANESCO, iliyoanza 2016 inawatenganisha wateja kwa matumizi. Nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nyumba ya matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na 1 ya mdhibiti wa nishati, EWURA, elfu moja inampa wa kwanza uniti 8.2, na wa pili uniti 2.8. Familia ndogo iliyokuwa ikiishi na uniti zake 60 kwa mwezi, ikiunganisha fremu yenye friza mbili kwenye mita ile ile, hutoka kwenye bei ndogo kabisa. Hasara hiyo inajirudia kila mwezi, tena inalipwa na waliokuwa wakitumia taa tu.

Kwa fremu ya biashara, mita yake yenyewe karibu kila mara ndiyo jibu sahihi. Mwenye duka ananunua umeme wake, friza zake ni zake, na siku akihama deni halibaki kwa mwenye nyumba. Tangu Januari 2022, ada ya kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, kwa jengo lililo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ilipangwa kuwa shilingi 320,960. Ada za namna hii hubadilishwa, kwa hiyo kiasi kithibitishwe kwenye ofisi ya TANESCO ya wilaya kabla ya kuandika bajeti. Maombi hufanyika kwa mfumo wa NIKONEKT, kwa simu au kompyuta, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe.

Vyumba viwili vya wapangaji uani ni habari nyingine. Hapo sabmita, zinazouzwa kwenye maduka ya umeme, husaidia kugawana gharama kwa haki: kila mmoja anachangia kwa uniti alizotumia, bila kukisia. Zifungwe ndani ya boksi la breka la uani, mahali ambapo kila mpangaji anaweza kuzisoma. Bei ya uniti iwe ile ile iliyolipwa TANESCO.

Nyumba yenye hesabu iliyokaribia ampea 60, kama ile ya mfano, au yenye mpango wa kupanda ghorofa, ijadili umeme wa njia tatu. Gharama ya kuunganisha ni kubwa zaidi, lakini mzigo hugawanywa kwenye njia tatu na pampu kubwa huenda vizuri. Kuamua hivyo mapema ni nafuu, kwa sababu boksi la breka, waya mkubwa na mpangilio wa vyumba vyote hubadilika. Kuamua baada ya plasta ni kubomoa.

Jambo moja husahaulika. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Nyumba inapopata mita ya pili, mwenye nyumba aangalie risiti za miezi ya mwanzo, ahakikishe jengo moja halikatwi mara mbili, na akiona hivyo apeleke taarifa mapema.

Kibali, leseni na vishoka

Chumba kipya kinahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na kwa Kariakoo hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Wengi huona kibali kama usumbufu. Faida yake kwa upande wa umeme ni kwamba ramani inayopelekwa inamlazimisha mwenye nyumba kuamua mlango uko wapi, kitanda kitakaa upande gani, na jiko litatazama wapi. Fundi umeme akipewa nakala ya ramani hiyo anaweza kuchora mchoro wa umeme juu yake: kila soketi, kila swichi, kila njia ya waya na breka yake. Pasipo ramani, soketi hujikuta nyuma ya kabati.

Kazi ya kutandaza nyaya inasimamiwa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, na leseni za mafundi hutolewa na EWURA. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka yake. Mwenye leseni ya kazi ndogo ya njia moja hapaswi kufunga ghorofa lenye njia tatu. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni, kusoma daraja na tarehe ya kuisha, na kulinganisha jina na kitambulisho. Fundi halali haoni aibu kuulizwa. TANESCO nao, kabla ya kuunganisha mita mpya, huhitaji kazi iwe imefanywa na mkandarasi mwenye leseni, mchoro ukiwa na mhuri wake.

Hatari ni vishoka, yaani matapeli wanaojifanya mafundi au mawakala wa TANESCO. Hawa hukaa karibu na kazi, wanajua majina ya wafanyakazi, wanaahidi mita ndani ya siku mbili, wanataka fedha taslimu mkononi. Baadhi huahidi hata kupitisha waya pembeni mwa mita. Malipo yoyote ya TANESCO yasiyopitia namba ya kumbukumbu si malipo ya TANESCO. Na mita iliyochezewa, au lakiri yake ikakatwa, humletea matatizo mwenye jina lililo kwenye mita, hata kama kishoka ameshahamia mji mwingine.

Sokoni

Kariakoo ina neema ya kuwa duka la nchi nzima. Wafanyabiashara wa Morogoro, Mtwara na hata Lubumbashi hununua hapa, na vifaa vya umeme vipo vya kila bei. Neema hiyo ndiyo inayoleta hatari, kwa kuwa waya bandia unauzwa hatua chache kutoka ulipo waya halali.

Bandia unaosumbua zaidi ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwa macho ni shaba tupu. Mnunuzi aombe kipande kikatwe, kisha akikwaruze kwa kisu kwenye ncha: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, na uliopakwa utaonyesha weupe chini ya ngozi. Uzito nao unasema. Bunda la waya wa shaba ni zito. La aluminiamu la urefu ule ule likishikwa mkononi linaonekana jepesi waziwazi. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na kwenye skrubu ya soketi hulegea, ikaanza kucheza na kutoa cheche.

Ujanja mwingine ni wa unene na urefu. Gamba limeandikwa 2.5, lakini shaba ndani ni nyembamba kama ya 1.5, kisha plastiki imenenepeshwa kuziba pengo. Bunda limeandikwa mita 100, lakini likipimwa halifiki. Muuzaji anayejiamini hukubali kipimo cha waya dukani na huandika risiti yenye jina la bidhaa, unene na urefu. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) itazamwe, na risiti ihifadhiwe: kifaa kikionekana bandia, ndiyo ushahidi utakaopelekwa TBS au kwa Tume ya Ushindani.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakifai kukatwa kwenye bajeti: swichi ya kuzuia umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita RCCB. Ile ya miliampea 30 huhisi umeme unapotoroka kupitia mwili wa mtu au maji na kukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Breka hulinda waya, RCCB hulinda mtu. Ina kitufe chenye herufi T, na wakazi wafundishwe kukibonyeza kila mwezi. Kikibonyezwa umeme usipokatika, aitwe fundi siku hiyo hiyo.

Ukutani, uani na juani

Paipu za umeme ziingie kabla ya plasta, na zile za dari la zege ziingie kabla zege halijamwagwa. Anayesubiri huishia kupasua. Ukuta wa tofali unavumilia mfereji mwembamba wa wima. Nguzo na boriti za zege hazivumilii. Mfereji uliochimbwa kwenye nguzo mpaka nondo zikaonekana umeiondolea nguvu yake. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Tangu hapo kila mwenye jengo Kariakoo anajua kwamba sehemu inayobeba uzito haikatwi bila mhandisi, na onyo hilo fundi umeme alisikie kwa sauti kabla hajashika nyundo.

Msongamano wenyewe ni sababu ya kutosha ya kuwa makini. Soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua Julai 10, 2021. Soko hilo lilikuwa limezungukwa na barabara pande zote. Nyumba ya uani ina uchochoro wa kupita mtu mmoja, na mlango mmoja tu wa kutokea. Kwa hiyo mein swichi ya vyumba vya nyuma iwe karibu na njia ya kutokea, nje ya chumba kinachofungwa kwa kufuli.

Maji hutofautisha mahali na mahali. Upande wa Jangwani na bonde la Msimbazi, nyumba zilizofurika katika mvua za Desemba 2011 zina sababu ya kupandisha soketi juu ya kina cha maji kilichowahi kufika, na kushusha nyaya kutoka darini badala ya kuzipitisha sakafuni. Boksi la breka la uani liwe juu, lenye kifuniko kisichopitisha mvua. Visima vingi vya katikati ya jiji vina maji ya chumvi. Hita ya papo kwa papo ambayo koili yake inagusana na maji haifai kwa maji hayo, maana chumvi hupitisha umeme. Kuna hita zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi, na muuzaji aulizwe kabla ya kulipa. Ethi ya hita iwe imefungwa. Kukata waya wa kijani ili hita "isisumbue" ni kumwandalia kifo anayeoga.

Juu nako kuna nyaya za TANESCO. Nyumba ya chini ikigeuka ghorofa, waya uliokuwa juu ya bati unakuwa mbele ya dirisha. Mwenye nyumba aombe TANESCO wauhamishe kabla ya kuta kupanda, na mafundi waonywe kuhusu nondo ndefu: nondo ya mita 12 ikigeuzwa vibaya kutoka barabarani hugusa waya kabla aliyeishika hajajua.

Mwisho wa hatua hii, paipu tupu moja au mbili ziachwe kutoka kwenye boksi kwenda uani na kwenda juu, na boksi libaki na nafasi mbili au tatu za breka. Gharama yake ni ndogo. Kiyoyozi cha pili kitakuja.

Kupima na kukabidhiana

Kabla ya kupiga plasta, mwenye nyumba apige picha za kila ukuta kwa simu, fimbo ya kupimia ikiwa kwenye picha, ili anayetoboa ukuta baadaye kutundika rafu ajue waya unapita wapi.

Kabla ya kuwasha, fundi apime. Kipimo cha gamba la waya hufanywa kwa volti 500, na jibu lisipungue megaomu moja; likipungua, mahali fulani waya umechubuka au umelowa. Apime kama ethi inafika kwenye kila soketi, kama nyaya za moto na nyutro hazijageuzwa, na kama RCCB inakata. Vipimo viandikwe, visainiwe, na nakala ibaki nyumbani pamoja na mchoro. Nakala nyingine ya mchoro ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka, kila breka ikiandikwa inachohudumia: uani, hita, fremu, pampu.

Wapangaji waitwe siku ya kukabidhiana, waonyeshwe mein swichi iko wapi na inazimwaje, na namba ziandikwe pale pale ukutani: 180 ya TANESCO na 114 ya Zimamoto.

Malipo ya fundi yapangwe kwa awamu, na awamu ya mwisho isubiri. Mwezi mmoja baada ya wapangaji kuingia, pampu, hita na friza vikiwa vimeshafanya kazi kwa nguvu zote, skrubu za breka na soketi huwa zimelegea kidogo kwa joto. Fundi arudi, azime, afungue boksi, akaze kila skrubu, aguse kila breka kutafuta yenye joto lisilo la kawaida, apime ampea za waya mkubwa saa ya jioni na kuzilinganisha na hesabu ya mwanzo. Hesabu ikikubaliana na kipimo, ndipo alipwe kilichobaki.